Kitabu Kilichoanza Bila Mimi

Hotuba kwa vijana wachoraji, walimu na wazazi, Mikindani, Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, wazazi wenzangu, nanyi wanangu mliokuja na penseli na karatasi zenu: asalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za asubuhi kwa wote.

Nimeombwa nizungumzie vitabu vya katuni, hasa jambo ambalo mchoraji huliogopa kuliko yote. Mtu anafungua hadithi ya picha, anasoma kurasa mbili tatu, anaiweka chini na hairudii tena. Kwa nini? Tusiseme kwamba hapendi picha. Mtoto asiyependa picha sijamwona bado, na mzee asiyependa picha sijamwona pia. Kuna kitu ndani ya kitabu kilichomfukuza, na leo nataka tukitafute.

Mimi ni mwazimishaji wa vitabu. Barazani kwangu Magomeni, Mtwara mjini, nina masanduku mawili ya katuni. Vingine vilikuja ndani ya marobota ya mitumba, vingine vililetwa na watu waliotoka Dar, vingine ni kazi za vijana wa hapa hapa. Hela sitozi. Ninachotoza ni jibu: ukirudisha kitabu bila kukimaliza, uniambie umeishia wapi na kwa nini. Majibu nayaandika kwenye kauntabuku hili, mnaliona lilivyochakaa.

Jibu lililonifanya nikubali kuja hapa ni la mvulana wa darasa la tano. Aliazima kitabu cha Kimarekani, jalada linang'aa, shujaa anapaa juu ya maghorofa. Kiingereza alisomewa na dada yake aliyeko kidato cha pili. Alikichukua asubuhi, adhuhuri akakirudisha. Nikamuuliza, kulikoni? Akasema, "Bibi, hiki kitabu kimeanza bila mimi."

Nikakifungua mwenyewe. Ukurasa wa kwanza tu, watu sita wanapigana angani. Mmoja anamlilia mwenzake aliyekufa katika kitabu kingine. Wa pili anataja vita iliyopiganwa katika kitabu cha tatu. Kwenye kona ya kiboksi cha picha kuna maandishi madogo yanayokwambia utafute toleo fulani la mfululizo fulani ndipo uelewe. Mtoto wa Magomeni alitafute wapi? Alipiga hodi, na waliomo ndani wakaendelea na maneno yao kama hakuna mtu mlangoni.

Tuone jambo hili lilikotoka, maana halikuanza kwa ubaya. Superman alitokea kwa mara ya kwanza mwaka 1938, na mpaka leo vitabu vyake vinatoka. Hadithi ya miaka zaidi ya 80 hubeba mzigo wa miaka zaidi ya 80. Wenyewe waliuona mzigo huo. Mwaka 1985 kampuni ya DC, inayomtoa Superman, ilianza kutoa kisa kirefu cha matoleo 12 kwa nia ya kufagia na kupanga upya ulimwengu wote wa mashujaa wake. Haikutosha. Mwaka 2011 wakaanza tena, vitabu 52 kwa mpigo, vyote vikiandikwa namba moja. Kila wakifagia, takataka mpya zinaingia, kwa sababu biashara yenyewe inataka msomaji wa kitabu kimoja asukumwe kwenda kununua cha pili na cha tatu ili aelewe cha kwanza.

Ikaja pia tamaa ya majalada. Mwaka 1991 toleo la kwanza la mfululizo mpya wa X-Men lilitolewa kwa majalada matano tofauti, likauza zaidi ya nakala milioni 8. Ukisikia milioni 8 unadhani ni wasomaji milioni 8. Hapana. Wengi walinunua nakala kadhaa kadhaa, wakazihifadhi bila kuzifungua, wakitumaini zitapanda bei. Zikapatikana kila mahali, na kitu kinachopatikana kila mahali hakipandi bei. Soko likaanguka, na mwisho wa mwaka 1996 kampuni ya Marvel, wenye X-Men, ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya muflisi. Mimi naona kosa lilianza siku kitabu kilipotengenezwa ili kisifunguliwe.

Halafu kuna kifo. Mwaka 1992 Superman aliuawa, magazeti ya dunia yakaandika. Mwaka uliofuata akarudi. Vijana wetu wanasema stelingi hafi, na kwenye filamu wanalikubali hilo kama kanuni ya mchezo. Lakini binti mmoja wa sekondari aliniambia maneno niliyoyapigia mstari humu: "Kama atarudi, kwa nini wananiliza?" Msomaji aliyetoa chozi lake kwa dhati halafu akaona limechezewa, safari ya pili hatoi. Bibi zetu waliotusimulia ngano usiku hawakutufanyia hivyo. Aliyeliwa na zimwi akitoka tumboni mwa zimwi, alitoka usiku ule ule, kwa sababu iliyokuwamo ndani ya ngano, na tukalala tukijua imekwisha.

Hapo nimefika kwenye neno "itaendelea", na neno hili watu wa kusini tunalijua kwa uchungu wake. Nilipokuwa binti, miaka ya 1980, majarida ya katuni yalitufikia kwa basi kutoka Dar es Salaam. Daraja la Mkapa halikuwapo, lilifunguliwa mwaka 2003. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika ikinyesha sawasawa barabara ilikatika, sisi huku tukabaki kama kisiwa. Nilikuwa nakwenda stendi jioni kumuuliza kondakta. Nikapata toleo la pili, nikapata la tano. La tatu na la nne sikuyaona maishani mwangu. Kulikuwa na kisa cha kijana aliyefungiwa ndani ya ghala la korosho na nyoka. Katika toleo la pili nyoka anaanza kushuka kwenye nguzo. Katika toleo la tano kijana yuko harusini. Mpaka leo naiona ile nguzo.

Barabara sasa ina lami, ingawa mvua za mwaka 2024 zilizokuja na Kimbunga Hidaya zilitukumbusha zamani, ikakatika tena. Kwa hiyo ninyi mnaochora hapa kusini, nawaomba mlifikirie lile basi lililokwama Ndundu kila mnapotaka kuandika "itaendelea". Una uhakika toleo lijalo litatoka? Karatasi ipo? Hela ya fotokopi ipo? Kama huna uhakika, funga kisa ndani ya kurasa ulizonazo. Zikiwa nane, kiishe kwenye ya nane.

Kuna dhana moja ninataka kuiondoa, nayo ni ya katuni za Kijapani. Walimu waliniambia watoto hawataziweza kwa kuwa husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mimi pia niliamini hivyo. Kijana mmoja anayesoma madrasa akakishika kitabu, akakigeuza, akaanza kusoma. Nikamuuliza kama hakutatizika. Akanijibu, "Bibi, si kinafunguliwa kama juzuu?" Amezoea tangu ana miaka mitano. Kilichomshinda yeye ni kwamba sandukuni mlikuwa na kitabu cha 14 na cha 15 tu, na mfululizo ulioanza mwaka 1997, kama ule wa One Piece, umekwishapita vitabu 100. Tumerudi kule kule: kimeanza bila yeye.

Sasa nizungumze jambo linaloniuma zaidi.

Mwandishi wa Ubelgiji, Hergé, alimpeleka kijana wake Tintin nchini Kongo katika kisa kilichoanza kutoka gazetini mwaka 1930 na kuwa kitabu mwaka uliofuata. Wakongo mle ndani wamechorwa wote sura moja, midomo kama imebandikwa, akili kama za watoto, wanamsujudia mgeni na mbwa wake. Alikichora upya mwaka 1946, akapunguza mambo ya ukoloni, lakini sura hazikubadilika. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aishiye Ubelgiji alikipeleka mahakamani, na mwaka 2012 mahakama ikasema haikuona nia ya kubagua. Mimi si mwanasheria. Najua tu kwamba mtoto akifungua kitabu akajikuta amechorwa hivyo, hana haja ya kusubiri hukumu. Anakifunga.

Lakini tusiishie Ubelgiji, maana ni rahisi kumsema wa mbali. Ndugu zangu Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera mlioko hapa, ni mara ngapi katika katuni zetu wenyewe za Kiswahili mmeona mtu wa kusini akichorwa? Yeye ni mlinzi getini. Uso umejaa nembo, hata kama ni kijana wa leo asiye na chale hata moja. Kiswahili chake kimevunjwavunjwa ili watu wacheke. Na akiletwa bibi, ndonya, lile pambo la mdomo wa juu, imechorwa kubwa kama sahani. Jarida moja la namna hiyo lililetwa barazani kwangu. Mzee mmoja wa Newala alilisoma kimya, akalirudisha, akaniambia nisiandike chochote. Sikuandika. Nalisema leo kwa ruhusa yake.

Kuna watakaosema katuni lazima ikuze mambo, pua ikiwa ndefu ichorwe ndefu zaidi. Ni kweli, na watu wa mkoa huu ndio wa mwisho kufundishwa hilo. Lipiko ni nini? Mchongaji wa Kimakonde anachonga uso wa mtu, anaukuza mdomo, anaukuza paji, anaweka nywele halisi, mchezaji anauvaa kichwani anaingia uwanjani na watu wanaanguka kwa kicheko. Wamechongwa wakoloni, wamechongwa wageni wa kila namna, na wenyeji pia wamechongwa. Kukuza sura si kosa. Ila mchongaji yule amemtazama mtu wake. Ameona jinsi anavyobana midomo akikasirika. Kila lipiko lina mtu wake. Mchoraji aliyechora mlinzi wa kusini hakumtazama mlinzi yeyote, alinakili katuni ya mwenzake aliyenakili ya mwingine. Msomaji anaijua tofauti hiyo hata asipoweza kuieleza.

Upande wa wanawake sitakaa sana, kwa kuwa wazee wapo na watoto wapo. Baba mmoja wa Shangani alinirudishia kitabu alichoazima binti yake, amekifunga kwa gazeti. Shujaa wa kike alikuwa anapigania maisha yake, lakini mchoraji alimsokota kiuno ili kifua na makalio vionekane kwa pamoja. Yule binti mwenyewe aliniambia hakuchukizwa na nguo. Alichukizwa kwamba mwanamume aliyepigwa ngumi alichorwa akiumia, na mwanamke aliyepigwa ngumi alichorwa akipendeza.

Na sasa vitabu vya miradi. Walimu wangu, mnivumilie hapa, maana najua vipo shuleni kwenu, na najua vilitengenezwa kwa nia njema.

Nimekuja na kimoja. Ni cha afya, karatasi nzito, rangi nzuri kuliko kitabu chochote nilichonacho. Kilikuja bure, nakala nyingi. Barazani kwangu hakuna mtoto aliyekimaliza, na nakala nyingine nilizikuta sokoni zimefungiwa karanga. Tufungue ukurasa wa nne. Mama ameketi kwenye mkeka, mtoto mwenye homa yuko mapajani mwake. Daktari amesimama, koti jeupe, kidole juu. Kiputo chake cha maneno kimejaa, kikafurika, kikashuka mpaka kwenye paji la mama na kumfunika jicho moja. Nimehesabu maneno ya kiputo hicho: ni 74. Kiboksi kinachofuata mama anasema, "Ahsante daktari, sasa nimeelewa umuhimu wa kuzingatia ushauri wa wataalamu."

Binti wa darasa la sita aliishia hapo hapo. Sababu yake naisoma kama alivyoisema: "Huyu mama haulizi hata mtoto atapona lini."

Mama gani, wazazi wenzangu? Mama wa hapa, mtoto amechemka usiku kucha, hajanyonya, huzungumzia umuhimu wa kuzingatia? Anasema, "Dokta, mwanangu." Basi. Na uso wake unamaliza mengine, kama mchoraji hakuufunika kwa kiputo. Katika hadithi ya picha uso ndio unaozungumza, maneno yanasaidia tu. Ukiwa na maneno 74, andika kipeperushi, ukibandike zahanati, kitasomwa. Ukiyatia mdomoni mwa mtu, umemuua mtu huyo, na mtoto hasomi hadithi ya maiti.

Sisemi hadithi isifundishe. Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, aliwasema wababaishaji na wazembe, na watu walimsubiri. Jarida la Sani lilipotuletea visa vya Ndumilakuwili na Madenge, tulifundishwa mengi kuhusu tamaa na ujanja. Lakini Madenge alikuwa mtukutu kwanza. Alitaka kitu, akakifuata kwa njia mbaya, yakamkuta. Tulikuwa naye njiani. Watu wa kitabu cha mradi hawataki chochote. Wanasubiri kuelekezwa.

Bei nayo ipo, siwezi kuiruka. Mwezi wa Novemba korosho zikiwa zimeuzwa mzazi hutoa hela ya kitabu bila maneno mengi. Mwezi wa Machi usimwambie. Herufi ndogo zipo pia: kazi inachorwa kwenye karatasi kubwa, inapunguzwa kwenye fotokopi, wino unasambaa, na herufi "a" na "o" zinakuwa kitu kimoja. Hayo yanarekebishika kwa rula na subira.

Nimalizie kwa kitabu kilichoisha, maana nimewaonyesha vingi vilivyoachwa njiani.

Mnajua Tendaguru, kule Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200. Gari hakuna, reli hakuna. Mifupa ilibebwa na watu wetu kichwani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kama nne. Aliyesimamia wachimbaji, Boheti bin Amrani, jina lake limebaki vitabuni. Wapagazi wengi mno hawakuandikwa. Mnyama mwenyewe amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu unazidi mita 13.

Kijana wa hapa Mikindani, yupo safu ya tatu na anainamisha kichwa sasa hivi, alichora kisa hicho kwa kurasa nane. Fotokopi, imebanwa kwa stepla. Kiboksi cha kwanza: wapagazi wawili porini, mizigo imefungwa kwa mianzi, ngata vichwani, jasho. Mmoja anasema, "Umebeba nini, kaka?" Mwenzake anajibu, "Goti." Kiboksi cha tatu hakina mandhari kabisa, ni uso wa yule wa kwanza tu, na maneno mawili: "La nani?"

Ndugu zangu, kitabu hicho kimetoka barazani kwangu mpaka stepla zimeachia. Watoto wakikutana barabarani mmoja anauliza "umebeba nini", mwingine anajibu "goti". Yule mvulana wa darasa la tano alikisomea pale pale kwenye mkeka, hakwenda nacho nyumbani. Hakuhitaji kujua chochote kabla. Mpagazi hajui amebeba nini, na msomaji hajui, wanatembea pamoja mpaka Lindi.

Hata hivyo alikuwa na neno, na nimeliandika. Ukurasa wa sita kuna msafara mrefu unashuka bonde, wapagazi kama thelathini. Akaweka kidole pale, akauliza, "Bibi, mbona wote sura moja?"

Nilimpelekea mchoraji ujumbe huo jioni ile ile. Hakubisha. Ameuchana ukurasa wa sita na leo amekuja na karatasi kubwa mpya. Anahitaji sura thelathini za watu wa huku, wenye mikunjo, wenye ndevu, wenye nembo kwa kuwa kweli wanazo, kila mmoja na namna yake ya kukaza shingo chini ya mzigo. Wazee wangu mliokaa mbele, kama mtaridhia, msiondoke mara baada ya dua. Chai ipo, ming'oko imechemshwa. Kijana atapita kwa kila mmoja, na atawaomba mkae kidogo uso ukielekea dirishani, awachore.

Ahsanteni sana.